Nani Amelipa Nauli ya Mwandishi?

"Hiyo si rushwa, ni nauli tu." Kauli hii nimeisikia kwa maofisa habari, kwa wahariri, hata kwa waandishi ninaowaheshimu. Mkutano na wanahabari ukiisha, karatasi inazungushwa: jina, chombo, namba ya simu, sahihi. Ukishasaini unakabidhiwa bahasha ya kaki, au jioni simu inaita kukujulisha kwamba umepokea pesa. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, na hakuna anayeumia.

Anaumia msomaji. Nami nimewahi kuisaini karatasi hiyo, na siku moja siisahau. Taasisi moja ya umma ilitupeleka kijijini kuona mradi wa maji. Mkurugenzi akafungua bomba, maji yakatoka, kamera zikapiga. Tulipokuwa tunapanda gari, gari lao, mama mmoja akanishika mkono. Akaniambia tangi lile lilijazwa alfajiri kwa boza, na kabla ya hapo bomba halikuwa limetoa hata tone. Nilitaka nibaki nimsikilize. Dereva akapiga honi. Kesho yake gazeti lilikuwa na maneno ya mkurugenzi na picha ya bomba.

Hakuna aliyenikataza kuandika alichosema yule mama. Hakukuwa na haja. Anayekulipia nauli ndiye anayepanga utashukia wapi na gari litageuka saa ngapi. Na pesa yenyewe, tusisahau, ilitoka kwenye kodi yake yule mama.

Kumbukeni sakata la kampuni ya Richmond hapa Tanzania. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya kuzalisha umeme, mgawo wa umeme ukatuandama, na kampuni hiyo ikapewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura. Umeme haukuja kwa wakati. Mwaka 2007 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ikatangaza kwamba haikuona rushwa katika zabuni ile. Kwa mwandishi wa nauli habari iliishia hapo: taarifa imesomwa, nukuu ipo, turudi mjini. Lakini yapo magazeti yaliyokataa kufunga daftari. Yaliendelea kuuliza kampuni hii ni ya nani, ina uwezo gani, zabuni iliipataje. Novemba mwaka huo Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Maswali yale hayakuulizwa na mtu anayewahi gari la mwenyeji wake.

Sasa niseme na wamiliki wa vyombo vya habari, maana lawama kubwa ni yenu. Waandishi wengi wa kujitegemea mnawalipa kwa habari iliyochapishwa. Akishinda wiki mbili masjala ya mahakama akisaka jalada na asilipate, wiki hizo ni hasara yake peke yake. Akizunguka kwenye mikutano mitatu kwa siku, anarudi nyumbani na unga. Mnalijua hilo, na mmeziachia bahasha za wakubwa zilipe mshahara msiolipa ninyi. Kisha mnashangaa kwamba kurasa za mbele zimejaa "waziri asema" na "mkurugenzi aahidi".

Na bado wapo wanaokwenda mahali ambako hawajaalikwa. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi. Aliandika juu ya mauaji yaliyokuwa yakitokea Kibiti na Rufiji, mkoani Pwani, habari ambayo haina mwenyeji wa kukupa bahasha. Alitoweka Novemba 21, 2017.

Mhariri, kesho asubuhi kabla mwandishi wako hajatoka ofisini, mpe nauli ya kwenda, ya kurudi, na ya kulala huko iwapo atamkuta mtu mwenye la kusema gari likiwa tayari limewashwa.