Mashimo ya Rosterman Nayo Yatunzwe

Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Methali hii ilinijia nikiwa Gesima, katika vilima vya chai vya Nyamira, nilikokwenda arusini kwa rafiki. Baada ya chakula mzee mmoja wa nyumba ile aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu kwamba mimi ni mtu wa Mombasa, alitikisa kichwa akasema: "Mwanangu, ninyi mna Fort Jesus yenu. Baba yangu alichimba dhahabu Kakamega, lakini ukienda huko leo hutaona hata jiwe moja linalosema habari zake."

Akanieleza kuwa baba yake, alipokuwa kijana, alitoka Gesima kwa miguu kwenda kutafuta fedha za kodi katika mgodi wa Rosterman. Basi nilipokuwa nikirudi, nilishika njia ya Kisumu nikaenda kujionea mwenyewe.

Ndugu msomaji, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Punde si punde Wazungu wakamiminika kwa mamia, wengi wao wakiwa wakulima walioangushwa na hali mbaya ya biashara ya miaka ile. Sasa, sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa watapewa kingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikageuzwa Desemba 1932, na mwenye shamba akawa wa kulipwa fedha tu. Milele ya wakoloni haikufika hata miaka mitatu!

Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu 1935 hadi 1952, ukatoa aunsi zipatazo 250,000 za dhahabu. Kisha wenye kampuni wakaenda zao. Nilichokiona mimi ni mashimo ya kale, na watu wa leo wanaoshuka humo kwa kamba kutafuta mabaki, huku kina mama wakiponda mawe juani. Jina la Rosterman limebaki, la mchimbaji halipo.

Najua wapo watakaosema: mashimo ya wakoloni yatatufaa nini? Yafukiwe, yasahauliwe! Lakini na tujiulize, Fort Jesus ilijengwa na nani? Wareno waliianza mwaka 1593, nao hawakuwa rafiki zetu. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza. Hata hivyo hatukuibomoa. Tunaitunza, na tangu 1960 ni nyumba ya makumbusho ambamo watoto wetu huingia wakajifunza waliyotendewa babu zao. Kulitunza jengo si kumsifu aliyelijenga. Ni kushika ushahidi.

Na ushahidi huo una kazi hata leo. Huko Isulu na Bushiangala, si mbali na Kakamega, kampuni ya Shanta Gold ilinunua mwaka 2020 haki za kutafuta dhahabu, na wenyeji wameingia katika mabishano makali juu ya kuhamishwa. Mtu anayeambiwa leo kwamba atalipwa vizuri akiacha shamba lake, anastahili kujua ya 1932. Atayajua wapi, ikiwa hakuna alama wala maandishi?

Rai yangu ni hii. Wakuu wa Kakamega na Makumbusho ya Taifa waitumie sheria ya urithi ya mwaka 2006, waitangaze Rosterman kuwa mahali pa kumbukumbu. Mashimo ya hatari yazibwe, maana yanaua. Moja lizungushiwe ua na kuwekwa jiwe lenye majina ya wachimbaji, yatakayokusanywa kwa wazee kuanzia Kakamega hadi Gesima kabla wazee wenyewe hawajatutoka.

Sisi wa pwani tumelelewa tukiambiwa mtu alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Rosterman lilikauka zamani. Ujira pekee tunaoweza kuwalipa watu wale sasa ni kuwakumbuka, na mzee wa Gesima bado anaungoja kwa niaba ya baba yake.