Waya Ghali Hauleti Sauti Nzuri

Naanza kwa kusema wazi: waya wa spika unaouzwa kwa bei ya kutisha haununui sauti nzuri. Anayeununua amenunua maneno ya muuzaji.

Nyumbani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, mjomba wangu aliambiwa dukani kwamba waya wake wa zamani "unakula besi". Akatoa fedha alizokuwa ameziweka ili anunue spika mpya, akaja na waya wenye ncha za rangi ya dhahabu. Tulipoufunga, besi ilififia kuliko mwanzo! Tukalaumu spika, tukalaumu amplifaya. Kumbe kwenye spika ya kushoto tuliunga chanya mahali pa hasi. Spika moja iliposukuma hewa mbele, nyingine iliivuta nyuma, na besi zao zikauana. Tulibadilisha ncha mbili tu, besi ikarudi. Baadaye tukarudisha waya wa zamani, safari hii tukiunga vizuri. Hakuna aliyesikia tofauti.

Wapo watakaosema kwamba masikio yetu hayajazoea. Nawajibu kwa hesabu. Waya wa kawaida wa shaba wenye milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Spika ikiwa umbali wa mita 5, umeme hupita mita 10, kwenda na kurudi: omu 0.115. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni kama asilimia 1.4 tu. Sisemi kwamba waya wowote unafaa. Ule mwembamba wa milimita za mraba 0.25 ungefikisha karibu omu 0.7, na huo tuukatae. Lakini tukiwa na shaba ya unene wa kutosha, dhahabu ya nini?

Wengine wanatushauri tupeleke jozi mbili za waya kwa kila spika. Jozi zote mbili zinaanzia palepale kwenye amplifaya moja. Faida kubwa ni ya muuzaji, kwa kuwa ameuza mara mbili.

Jambo ambalo hatuambiwi ndilo lenye hatari. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, mzigo unakuwa omu 4. Zikiwa nne, omu 2. Amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi kuhimili mzigo huo. Huchemka, na huweza kuungua. Tukiunga spika mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo sambamba, tunarudi kwenye omu 8. Kiwango kinachoruhusiwa kwa kawaida huandikwa nyuma ya amplifaya. Tukisome kabla ya kufungua mkoba.

Wenzangu, sheria ya Ohm tulifundishwa sekondari, kwa Kifaransa, tukaiacha darasani pamoja na Kifaransa chake. Mimi nilikuwa nimeketi hapo mjomba alipokuwa akihesabu fedha zake, nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na maneno ya kumweleza. Maneno yapo: chanya, hasi, ukinzani, sambamba, mfululizo. Walimu wetu, msiyaache yalale kwenye kamusi. Nasi tuyapeleke nyumbani, la sivyo muuzaji ataendelea kuwa mwalimu wa fizikia wa wajomba zetu, na ada yake ni kubwa.