Mwenye Hofu Si Mtu Asiye na Imani

Yako maneno yasemwayo sana kwa watoto wa Kikristo, nayo husemwa na watu wema, kwamba Mkristo wa kweli haogopi kitu. Mtoto akilia gizani huulizwa imani yake i wapi. Mgonjwa akikiri ya kuwa anaogopa kufa, wako wamtazamao kana kwamba ameiacha dini. Wasemao hayo hawana nia mbaya, lakini matunda ya maneno yao ni mabaya. Maana mtu aliyeambiwa hivyo, hofu haimtoki, huificha tu. Na hofu iliyofichwa ni kama moto chini ya majivu: hauonekani, walakini haukuzimika. Baadaye mtu huyo huipeleka hofu yake mahali pengine. Huenda kwa mganga usiku, akafungiwa hirizi, akaivaa chini ya nguo ili mwalimu na mchungaji wasiione.

Basi yafaa kuuliza kama maneno hayo yametoka katika Maandiko. Hayakutoka huko. Nabii Eliya alikuwa mtu hodari, aliyesimama peke yake juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii wa Baali mia nne na hamsini. Lakini mara baada ya ushindi ule, malkia Yezebeli alipoapa kumwua, Eliya alikimbia kuokoa roho yake. Akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Tazama sasa alivyotendewa na Mungu. Hakukemewa, wala hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Aliachwa alale usingizi; kisha malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate na maji, akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ndipo alipopata nguvu za kwenda safari ya siku arobaini mpaka mlima Horebu. Mungu alijua ya kuwa mtumishi wake amechoka na ana njaa, akaanza na hayo kwanza.

Wala si Eliya tu. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule katika bustani ya Gethsemane, alihuzunika sana, akawaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye. Aliomba kikombe kile kimwepuke. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kuwaonyesha rafiki zake uchungu wa moyo wake, ni nani amwambiaye mtoto wa darasa la tano ya kuwa kuogopa ni dhambi?

Labda mtu atajibu akisema, Mbona Maandiko yawaagiza watu mara nyingi wasiogope? Ni kweli, yawaagiza. Lakini agizo hilo hupewa nani? Mama hamwambii mtoto achekaye anyamaze; humwambia yule aliaye. Vivyo hivyo, walioambiwa wasiogope ni wale waliokuwa wakitetemeka. Tena mama hasemi kwa mbali kisha akaenda zake. Humshika mtoto, akampakata. Hata katika Maandiko, agizo lile mara nyingi huja pamoja na sababu yake, nayo ni kwamba Mungu yu pamoja na mtu huyo. Kwa hiyo agizo hilo ni mkono ulionyoshwa kwa mtu anayezama, kama Petro alivyoshikwa mkono juu ya maji alipopiga kelele ya kuomba msaada.

Hapo ndipo ionekanapo tofauti ya imani na hirizi. Hirizi huahidi ya kuwa jambo baya halitafika. Likifika, mwenye hirizi huambiwa anunue nyingine yenye nguvu zaidi, na hofu yake huzidi pamoja na gharama yake. Imani ya Kikristo haikuahidi hayo. Mtume Paulo alikuwa na udhaifu mwilini mwake, alioufananisha na mwiba. Alimwomba Bwana mara tatu auondoe, wala haukuondolewa. Aliambiwa tu ya kuwa neema ya Bwana yamtosha. Mkristo aivaaye imani yake kama hirizi atavunjika moyo siku ya kwanza ya taabu. Lakini ajuaye ya kuwa ameahidiwa Mwenzi wa njiani, huyo hata njia ikiwa mbaya hatashangaa, maana hakuambiwa ya kuwa itakuwa njema.

Mfano wa jambo hili ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka kwenda Mboga, upande wa magharibi wa mto Semliki, katika nchi iliyo leo ya Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka kwa ajili ya taabu. Tabaro, mtawala wa Mboga, hakuyapenda mafundisho yake, naye Apolo akapigwa na kuteswa. Kisha akashitakiwa kwa ajili ya kifo cha mwanamke wa jamaa ya mtawala, ambaye kwa bahati mbaya aliuangukia mkuki. Akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro. Mtu aliye katika hali ile angewezaje kukosa hofu? Apolo mwenyewe alisimulia ya kuwa, katika siku zile za mateso, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Mtu asiyekuwa na hofu hana haja ya kuambiwa ajipe moyo. Faraja ilimjia kwa sababu alikuwa dhaifu.

Tena tazama faraja ile ilimpeleka wapi. Alipofunguliwa hakurudi Buganda kukaa salama kwa jamaa zake. Alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Baada ya muda Tabaro naye akabatizwa. Apolo aliendelea na kazi yake, akawafikia hata Wambuti wakaao msituni, mpaka alipofariki tarehe 30 Mei 1933. Naye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, badala ya kuelekea upande wa Buganda kwao.

Wahenga walisema, Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakuidharau hofu, maana hofu ni kama mbwa wa nyumbani: hubweka mwivi ajapo, na hilo ni jema. Mtoto asiyemwogopa mamba hateki maji siku nyingi. Lakini mbwa akimzuia mwenye nyumba asitoke kwenda shambani, hapana budi afungwe. Kuogopa si dhambi. Vibaya ni kuiacha kazi ya haki kwa sababu ya kuogopa.

Basi mtoto aliye na hofu, kama ni hofu ya giza, au ya ugonjwa, au ya mtihani, au ya kufiwa na mzazi, afanye kama walivyofanya watu wa Mungu. Kwanza amwambie Mungu waziwazi ya kuwa anaogopa, wala asijifanye shujaa mbele zake, maana Mungu ajua. Pili asiudharau mwili wake, bali ale na kulala, na akiugua aende hospitali, kwa kuwa mkate wa Eliya ulitoka kwa Mungu kama ile sauti ya Horebu. Tatu amtafute mwenzake mwaminifu wa kukesha naye. Kisha aondoke akafanye kazi iliyo mbele yake, ingawa magoti yangali yakitetemeka.

Na yule asiye na hofu siku hiyo asimcheke mwenziwe. Siku yake nayo yaja, naye atapenda kukuta mtu wa kuketi karibu naye.