Sarafu za mkoloni ni ushahidi, tusiziuze kiholela

Hivi karibuni nilikwenda katika Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kwa nia ya kuwaonyesha watoto wangu jinsi babu zao walivyojenga. Wasomaji wengi wanapafahamu mahali hapo. Pana nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi, nawe waweza kuinama ukaingia ndani. Watoto waliingia katika msonge wa Wahaya, wakatoka, wakakimbilia tembe la Wagogo. Mimi nilibaki kivulini, na hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja akizipapasa kuta za tembe lile kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaulizana hali. Alikuwa ametoka Sibwesa, huko Mpanda katika Mkoa wa Katavi, kuja kumtazama mwanawe anayefanya kazi mjini. Baada ya mazungumzo machache akaniuliza, “Mwanangu, hawa wa makumbusho hununua vitu vya zamani?” Kabla sijajibu alitoa leso mfukoni, akafungua fundo, akamwaga sarafu juu ya gogo tulilokalia.

Ilikuwamo rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma. Zilikuwamo hela za Mjerumani (ambazo hadi leo zinatuazima jina kila tunapolalamika kuwa hatuna hela), senti za Mwingereza zenye tundu katikati zilizotungwa katika uzi, na shilingi yenye simba amesimama mbele ya milima. Na ilikuwamo moja ya rangi ya manjano, nzito, ya hela 20, ya mwaka 1916, yenye herufi T.

Mzee alizipanga kwa nasaba. Ile ya manjano aliipata babu yake alipokuwa mpagazi katika vita vya kwanza vya dunia. Shilingi ni za baba yake, aliyefanya kazi katika mgodi wa risasi wa Uruwira, ule uliosababisha njia ya reli kutoka Kaliua kufikishwa Mpanda mwaka 1950, kisha ukafungwa mwaka 1960. Rupia ya fedha zilikuwa mbili. Moja alikuwa amekwisha kuiuza siku mbili zilizotangulia, kwa bei ya chakula cha mchana, kwa mtu aliyemwambia kwamba vitu hivi havina thamani. Jirani yake mwingine alikuwa amemwambia kwamba rupia moja hununua nyumba.

Wote wawili walimpotosha. Katika nchi yetu umeenea uvumi wa mali ya Mjerumani, na kwa ajili yake watu wazima wanachimbua misingi ya maboma makuukuu, na matapeli wanawauzia wenzao ndoto. Ukweli ni kwamba sarafu ya Tabora inayouzwa ng’ambo kwa maelfu ya dola ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyopigwa mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, nayo haikuzidi sana 16,000. Hela 20 za manjano zilipigwa zaidi ya milioni moja. Mzee wa Sibwesa hana utajiri katika leso yake, na ni vizuri aambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Lakini ana kitu ambacho mnunuzi hawezi kukipima kwa mizani. Herufi T maana yake ni Tabora. Manowari za Waingereza zilipoziba njia ya bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu, wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa shaba ya vyuma chakavu na maganda ya mizinga, hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo Septemba 1916. Maganda ya mizinga ndiyo yaliyofanywa ujira. Mtu mmoja wa Mpanda alibebeshwa mzigo wa vita isiyokuwa yake, naye akarudi na kipande hicho. Anayejua jambo hilo ni mjukuu wake peke yake, na siku sarafu itakapouzwa, simulizi haitafuatana nayo. Nilimwuliza ile rupia aliyoiuza ilikuwa ya nani. Alifikiri kitambo, akasema hana hakika tena.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wenye dhamana ya makumbusho yetu. Mgeni anaweza kuzizunguka nyumba zile nzuri asubuhi nzima asikumbuke kwamba zilikuwa kipimo cha kodi. Kuanzia mwaka 1898 Mjerumani alidai rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba ya shamba. Mwanzoni aliyekosa fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Baadaye zikatakiwa fedha taslimu. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alihesabiwa nyumba tatu. Zipo jamaa zilizojibana katika paa moja ili kupunguza hesabu, na wako vijana walioziacha nyumba zenyewe wakaenda katika mashamba ya mkonge, kwa kuwa rupia haikuota kijijini. Mwingereza alipoingia aliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria yake ya mwaka 1922, baada ya kuibadili fedha kuwa florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921. Kama mkulima alikuwa amefukia akiba yake ya rupia chini ya jiko, hilo halikuwa shauri lake.

Kwa hiyo mahali pa sarafu hizi si katika kabati la peke yake, zimepangwa kwa ukubwa kama vishikizo dukani. Mahali pake ni mlangoni mwa nyumba. Ziwekwe rupia 3 kwenye kizingiti cha tembe, na mtoto aambiwe: hii ndiyo ilikuwa bei ya kulala humu.

Wala sisemi wazee wanyang’anywe leso zao. Mzee akisikia kwamba maofisa wanakuja kukusanya, atazifukia zaidi, naye atakuwa na haki, kwa maana ukoo wake umekwisha kuona watu wa serikali wakija kuhesabu. Ninachopendekeza ni kazi nyepesi: mwalimu wa historia na wanafunzi wake, huko Sibwesa na kwingineko, waende kwa wazee na daftari, waandike sarafu ilivyo, ilipatikana kwa kazi gani, ilitoka kwa nani, waipige picha, kisha wairudishe mkononi mwa mwenyewe. Nakala ipelekwe makumbusho. Mwenye shida akitaka kuuza baadaye, auze; simlaumu mtu mwenye njaa. Walau kitakachoondoka kitakuwa chuma tu.

Nilimweleza mzee kwamba sikujua kama makumbusho yangenunua, ila nilimwomba asiuze nyingine kabla mwanawe hajaandika aliyonisimulia. Alizirudisha moja moja katika leso, ile ya manjano ikiwa ya mwisho. Aliishika kidogo.

“Tabora,” alisema. “Nami gari moshi hunipitisha hapo kila safari, nimelala. Safari hii nitamwambia kijana aliye jirani yangu aniamshe.”