Kigae cha Chupa: Kikate Mguu au Kipambe Nyumba?

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo ukurasa wetu hautazungumzia mapishi wala mishono. Nakuomba kwanza uniruhusu niungame kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifikisha kwenye somo la leo.

Miezi michache iliyopita, usiku ambao umeme ulikuwa umekatika, chupa ya siki iliniponyoka jikoni ikavunjika vipande vipande. Nilifagia kwa mwanga wa mshumaa, nikavitupa vigae nyuma ya jiko, chini ya mpapai, huku nikijiambia kwamba kesho asubuhi nitachimba shimo nivifukie. Kesho ikaja na shughuli zake, na keshokutwa nayo ikawa na zake. Mvua ikanyesha, ikavisambaza vigae uani na kuvifunika kwa tope jepesi. Siku ya kumi hivi, mwanangu wa pili alitoka mbio, pekupeku, kuliwahi papai lililoanguka. Kilio chake nilikitambua kabla sijauona mguu.

Alishonwa nyuzi nne unyayoni, akachomwa na sindano ya kumkinga na pepopunda. Muuguzi, aliyekuwa mtu mzima mwenye upole, aliniuliza huku akifunga bendeji, “Chupa hiyo aliitupa nani, mama?” Nilitazama sakafu. Mtoto naye alinitazama mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kioo kikivunjika, kiende wapi? Ganda la ndizi hurudi kuwa udongo. Kopo la bati huliwa na kutu. Kioo hakiozi wala hakiliwi na mchwa. Kule Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua shanga za kioo zilizoletwa na majahazi karne nyingi zilizopita, na rangi zake zingali zinaonekana. Ikiwa ushanga umeweza kukaa ardhini muda wote huo, basi kigae tulichokitupa sisi uani kitawangoja wajukuu wetu, na makali yake kitakuwa nayo bado.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kigae kilichotupwa ovyo ni deni. Deni hilo hulipwa na mguu wa mtoto, ama hulipwa na mikono ya mtu mzima iliyokubali kufanya kazi. Leo nataka tuzungumze juu ya hao waliochagua kulilipa kwa mikono.

Tuanze na Wakrobo wa kusini-mashariki mwa Ghana. Watu hawa ni mashuhuri kwa shanga zao, ambazo nyingi hutengenezwa kwa chupa kuukuu. Fundi huzitenga chupa kwa rangi, huzitwanga kinuni kama tunavyotwanga sisi nafaka, kisha huchekecha apate unga laini. Unga huo humiminwa katika vitundu vya kalibu ya udongo wa mfinyanzi, na katikati ya kila kitundu huchomekwa kijiti cha kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu huingizwa katika tanuru la udongo. Moto huushikamanisha unga ukawa kitu kimoja. Kikonyo nacho huungua, kikaacha tundu la kupitishia uzi. Mwisho shanga husuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji mpaka zing’ae. Shanga hizi ndizo wanazovishwa mabinti wa Kikrobo katika jando lao la kike liitwalo Dipo. Tazama basi: kilichokuwa chupa tupu chaning’inia kiunoni mwa binti siku ambayo ukoo mzima unamheshimu.

Hali kadhalika katika mji wa Bida, nchini Nigeria, limo kundi la mafundi wa Kinupe waitwao Masaga. Hao hawatwangi. Wao huyeyusha vigae vya chupa katika tanuru linalovuviwa kwa mivukuto, wakakichota kioo kilicholainika kwa fimbo ya chuma na kukizungusha upesi mpaka kiwe bangili au ushanga. Ujuzi huo umerithishwa toka baba hadi mwana kwa vizazi vingi.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika Magharibi peke yake. Hapa petu, mjini Arusha, ipo karakana iitwayo Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo hutengeneza shanga, bilauri na mapambo kwa chupa zilizokwisha kutumika. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi. Kwa hiyo pale, chupa iliyodhaniwa haina kazi na mtu aliyenyimwa kazi vimekutana, na kila kimoja kimempa mwenzake thamani. Na jirani zetu wa Kenya wanayo karakana ya Kitengela, pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa na Nani Croze, ambako vioo chakavu vya madirisha hugeuzwa kuwa mapambo ya rangi.

Huenda sasa, ndugu msomaji, umekwisha kulitupia macho jiko lako la mkaa ukidhani nawe utayeyusha chupa. La hasha! Nakusihi usijaribu. Chupa ikipata moto upande mmoja na baridi upande wa pili hupasuka na kurusha vigae machoni. Aidha, kioo kilichoyeyushwa sharti kipozwe polepole mno, kwa muda wa saa nyingi. Kikipoa haraka, nje hujikaza kabla ya ndani, nacho huja kupasuka chenyewe baadaye, hata kikiwa mezani. Kazi ya moto tuwaachie wenye matanuru na ujuzi.

Ipo lakini kazi isiyohitaji moto, nayo ni kupachika vigae katika saruji. Wala si jambo geni kwetu. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, ukayaone makaburi ya zamani yenye nguzo: wazee wa karne ya 18 waliyapamba kwa kupachika bakuli na sahani za Kichina katika chokaa. Waliona kwamba kitu king’aacho, kikishikwa vema na ukuta, huishi kuliko mwenye nyumba. Sisi tutaanza na chungu cha maua.

Kabla ya yote, chupa nzima usiivunje. Ile ya soda au ya bia irudishe dukani, maana kiwandani huoshwa na kujazwa tena, na hilo ndilo tumizi bora kupita yote. Chukua zile zilizokwisha kuvunjika. Usiguse taa ndefu za mirija, kwa sababu zina zebaki, wala kioo cha televisheni za zamani zenye mgongo, kwa kuwa kina risasi. Chupa za dawa za kuulia wadudu nazo ziache kabisa.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, glavu nene, na miwani ya kukinga macho. Watoto wakae mbali. Osha vigae kwa maji na sabuni, uvitenge kwa rangi: kijani, kahawia, na vyeupe. Kilicho kikubwa mno kitie ndani ya gunia lililoloweshwa maji, likunje mara mbili, ukigonge kwa nyundo taratibu mpaka upate vipande vyenye upana wa kama sentimita 2. Gunia huzuia vipande visiruke, na maji huzuia vumbi, ambalo ni baya kwa mapafu. Kisha sugua kingo za kila kipande kwa jiwe la kunolea au msasa wa maji, huku kipande na jiwe vikiwa vimelowa, mpaka makali yaishe. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Kipande kisichosuguliwa ni kisu kilichojificha.

Ikiwa fundi wa magari jirani yako ana kioo cha dirisha la mlangoni kilichovunjika, muombe. Kioo cha namna hiyo hakitoi vigae virefu, bali hutawanyika punje punje, na makali yake ni madogo. Chafaa sana kwa anayejifunza, ingawa glavu bado ni lazima.

Sasa lowesha chungu chako cha udongo. Changanya saruji sehemu moja na mchanga uliochekechwa sehemu tatu, utie maji kidogo kidogo mpaka uji huo ushikamane na mwiko bila kuchuruzika. Usiguse saruji mbichi kwa mkono mtupu, kwa kuwa huchoma ngozi. Paka eneo dogo tu, la kama kiganja, upachike vipande kimoja kimoja, ukiacha nafasi ndogo baina yao, kisha endelea na eneo jingine. Kandamiza kila kipande mpaka kingo zake zizame na uso wake uwe sawa na saruji. Saruji ikianza kushika, futa nyuso za vioo kwa kitambaa kibichi. Funika chungu kwa gunia lenye unyevu siku tatu, kivulini, ili saruji isikauke upesi na kufanya nyufa. Mwisho pitisha kitambaa cha pamba juu yake chote. Kikinasa mahali, hapo pana makali, rudia kusugua.

Vumbi na vipande vilivyobaki visirudi chini ya mpapai. Vifunge katika gazeti nene, vitie ndani ya kopo lenye kifuniko, uandike kwa herufi kubwa VIGAE VYA CHUPA, ili mchukuzi wa taka naye arudi kwake na vidole vyake vyote. Yeye pia ana watoto wanaomngoja.

Chungu changu cha kwanza hakikuwa kizuri. Rangi zilikaa upande mmoja, na saruji ilipasuka mahali kwa sababu sikuwa na subira ya kukifunika. Cha pili kimesimama mlangoni, na kimepandwa mwasumini. Vigae vyake nilivikusanya uani mwetu, kwa kuchekecha udongo wa pale mpapaini kipande kwa kipande kwa majuma mawili.

Mwanangu aliponiona ninamalizia, alikuja akachutama kando yangu na kuvigusa vioo kwa kidole. Akakisimamisha kidole kwenye kimoja cheupe na kuuliza, “Mama, hiki ndicho kilichonikata?” Nikamwambia kwamba sijui, lakini kimojawapo katika hivi ndicho. Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu kule zahanati: “Nani alikitupa?”

Safari hii sikutazama chini. Nilimwambia, “Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitakifukia kesho.” Alinitazama, akapitisha tena kidole juu ya chungu chote, polepole, akitafuta makali. Hakuyapata. Akasema, “Basi sasa hakikati tena,” akaenda zake kucheza.

Ndugu msomaji, jioni hii, kabla jua halijazama, chukua ufagio na kopo, uzunguke uani mwako. Jua linapokuwa chini kioo humeta, nawe utakiona kilipo. Ukipata kigae kimoja tu, utakuwa umekwisha kuuokoa mguu wa mtu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.