Muturudishie tushi za kutafutia

Wandugu, kuko wenye watauliza: harakati ya raia inaingia namna gani mu mambo ya klaviye, wakati barabara zimeoza na maji haifiki mu nyumba? Jibu letu ni hili. Kipengele cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Leo haki hiyo inapitia sana ku ukurasa wa majibu ya utafutaji. Uvumi ukitembea mu WhatsApp ya kwamba kesho mji umefungwa, kijana anatafuta, anafungua majibu matatu ao ine, analinganisha. Mwenye hawezi kutembea haraka ndani ya ukurasa ule anabaki na uvumi.

Zamani ilikuwa rahisi. Ku Google, miaka ya 2010, ulikuwa unafinya tushi ya mshale, alama ndogo ya buluu inashuka jibu kwa jibu, unafinya Entrée, ukurasa unafunguka. Kisha alama ile ikaondolewa. DuckDuckGo nayo ilitumia herufi j kwa kushuka na k kwa kupanda, desturi ya programu vi yenye Bill Joy alianza kuandika mu 1976. Kwa bahati, j na k ziko pahali pamoja ku AZERTY yetu na ku QWERTY ya Wamarekani. Ila ile alama ya "/", yenye wao wanapata kwa kidole kimoja, sisi inatuomba viwili. Basi, hawakuwa wanatufikiria.

Leo tumebaki na Tab. Unafinya Tab, Tab, tena Tab: menyu, picha, video, matangazo, mbele ya kufika ku jibu la kwanza. Mwenye mikono mizima anacheka, anakamata suri. Makamarade wetu wasioona hawana hiyo nafasi. Wanatumia NVDA, programu ya bure yenye kusoma kioo kwa sauti, na herufi h inawarusha toka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Angalau wao wana hiyo. Lakini ule mwenye anaona vizuri na mikono inatetemeka, ao mwenye vita ilimuachia vidole vitatu, hana mtu wa kumrusha. Na tusisahau mashini za okazyo zenye tunanunua, zenye suri ilishakufa mbele hazijatufikia.

Makampuni yatasema Tab inatosha. Kwa maandishi, ni kweli: kanuni za W3C zinaomba kila kitu cha ukurasa kifanyike kwa klaviye, na Tab inafika kila pahali. Sisi tunaita hiyo kutii sheria kwa kumchosha mtu. Inchi yetu ilipata mu Mei 2022 sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Hatukuipigania ili watu wafinye tushi mara 30 kwa kusoma habari moja.

Wengine wanaogopa kwamba herufi moja inaweza kufinywa bila kupenda, zaidi kwa watu wenye kuongoza ordinateri kwa sauti. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake iko tangu 2018 mu WCAG 2.1: mtumiaji apewe njia ya kuzima hizo tushi ao kuzibadilisha. Kwa hiyo tunadai zirudi, na kila mtu achague.

Kwa sasa, usingoje. Mu Firefox, ukiwa inje ya kisanduku cha kuandikia, finya alama ya ' (ku AZERTY ni tushi ya 4, bila Maj), andika neno moja la kichwa cha jibu lenye unataka, kisha Entrée. Kuko pia Web Search Navigator, nyongeza ya bure kwa Firefox na Chrome, inarudisha mishale na j na k ndani ya Google. Mwenye ameisha kuiweka ku mashini yake, aiweke na ku ya jirani.