Masisi na Walikale: Tusiwaambie wazee "ni uzee tu", tuwaulize wanalala namna gani

Hapa kwetu Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, mama mzee akifika kituo cha afya akilia magoti, jibu ni lile lile: "Ni uzee." Anapewa parasetamoli, anarudi nyumbani. Hakuna anayemuuliza kama amelala. Ninasema wazi: kwa sababu hatuulizi hivyo, tunamtibu nusu.

Ugonjwa huu tunauita baridi yabisi, wengine rimatisimi. Jina lenyewe linalaumu baridi. Ni kweli, baridi ya milima ya Masisi inazidisha ukakamavu, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Kuna aina ambayo goti linachakaa, hasa kwa waliobeba mizigo mizito miaka mingi. Kuna nyingine ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, vidole vinavimba, na asubuhi ngumi haifungiki. Katika zote mbili maumivu yanafukuza usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza maumivu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kule Los Angeles, walitoa matokeo ya jaribio: wagonjwa wa aina hii ya pili walinyimwa usingizi nusu ya usiku mmoja, na maumivu yao yakaongezeka.

Nusu ya usiku mmoja! Sasa tuhesabu wa kwetu. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Walikale-centre Machi mwaka huo huo. Watu walilala porini na kwenye sakafu za madarasa. Waliokuwa kambini karibu na Goma walilala juu ya mawe ya volkano, chini ya turubai. Februari 2025 kambi zikavunjwa, wakaambiwa warudi vijijini. Mzee mwenye viungo vibovu amekesha miezi na miezi, halafu tunashangaa kidonge hakimsaidii!

Najua watakaojibu: kwanza chakula, kwanza kipindupindu, usingizi baadaye. Chakula ni lazima, hakuna anayebisha. Lakini ni nani anayelima maharagwe na viazi? Ni akina mama hao hao. Mama asiyeweza kukunja vidole hashiki jembe, na asiyeshika jembe atasubiri msaada msimu hadi msimu. Blanketi na godoro kwake siyo anasa, ni sehemu ya dawa.

Wengine wanakimbilia vidonge vya sokoni. Hatari! Deksametazoni inapunguza maumivu haraka, lakini inaweza kumnyima mtu usingizi, na ndipo mzunguko unaanza upya. Diklofenaki ikimezwa kila siku bila uangalizi inaleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Anayeuza bila kueleza haya hamsaidii mzee, anamla.

Kwa hiyo tunadai haya. Wauguzi, kila mgonjwa wa viungo aulizwe: unalala saa ngapi, na maumivu yanakuamsha mara ngapi? Mashirika ya kiutu, mnapoandika orodha, wazee wenye viungo vibovu wawe wa kwanza kupata kitu cha kulalia, siyo wa mwisho. Familia, mgeni akija msimwondoe bibi kwenye godoro kumlaza chini kwenye udongo baridi. Asubuhi mpasheni maji ya moto, mumsaidie kutembea polepole. Viungo vinahitaji mwendo.

Na ninyi wenye silaha, wa pande zote: risasi mnazopiga usiku zinaumiza hata wale ambao hazikuwagusa. Kila mlio unamwinua bibi mkekani, na asubuhi hawezi kusimama. Huyo haonekani katika hesabu yoyote ya majeruhi. Mwacheni alale.